Chupa Arobaini na Vumbi la Ijumaa

Mama Kipaza anasema kompyuta ya Daktari ilipiga king'ora mara tatu, ikawaka nyekundu, kisha ikatamka kwa sauti nzito ya kiume: "Huyu mwanamke ni mwongo." Anasema Daktari alianguka chali, ikabidi amwagiwe ndoo ya maji, na kabla hajapata fahamu wakaja wanaume wawili wenye tai wakaibeba ile kompyuta wameiviringisha shuka kama mgonjwa. Haya aliyasema bombani, asubuhi, foleni ya ndoo ikiwa imefika ukutani, na kila aliyefika aliongezewa kidogo. Mimi niliyefika mwisho nilipata wanaume wanne, na mmoja wao ana pingu.

Sasa, mimi nilikuwepo. Ndoo ilikuwa yangu, na maji hayakummwagikia mtu.

Huyu ni jirani yetu wa ukuta mmoja, na ukuta wenyewe unapitisha nusu ya maneno. Tunamwita Mama Kipaza kwa sababu habari ikiingia kwake ndogo hutoka kubwa. Si mtu mbaya. Ukiugua atakuwa wa kwanza kuja kukujulia hali, na wa kwanza kutangaza kwamba umekufa.

"We si ndiye unayefanya usafi pale?" akanigeukia mbele ya watu. "Haya sema. Nimeongopa?"

"Tai sikuziona," nikasema.

"Mmesikia? Hakukataa!" akawaambia wenzake. "Amekataa tai tu!"

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikajitwika ndoo yangu. Lakini njiani kicheko kikaniishia, maana katika yale yote ya Mama Kipaza kulikuwa na punje moja ya ukweli, na ile punje nilikuwa nimeikalia mimi.

Nieleze tangu mwanzo.

Nafanya usafi kwenye jengo la utafiti wa mazao. Shule nilisoma ya msingi tu, ninachokijua cha pale nimekijua kwa kutazama, na katika kutazama sina haraka. Chumba cha mwisho upande wa kulia ni cha Daktari. Si daktari wa kutibu watu, ni wa maharage. Mwanamke wa makamo, mwembamba, anatembea kama amechelewa hata akiwa amewahi. Alitaka kujua kama unga wa majani fulani machungu ukichanganywa na maharage unawazuia fukusi wasiyatoboe. Akatuomba jengo zima tumletee chupa tupu za mdomo mpana, zile za jamu na za karanga. Zikapatikana arobaini. Ishirini akatia maharage na unga, ishirini maharage matupu, kila moja akaitia fukusi kumi walio hai, akafunga kitambaa mdomoni wapate hewa, akaandika namba kwenye kila kitambaa. Akazipanga kwenye rafu ya ngazi mbili: za unga chini, zisizo na unga juu. Halafu akabandika karatasi: USIGUSE. Wiki kumi.

Mwisho wa wiki kumi zikafunguliwa, nami ndiye niliyezipeleka mezani moja moja, namba kwa namba. Fukusi wakahesabiwa. Za unga walikuwa wachache sana. Daktari alifurahi mpaka akamkumbatia Fundi, kijana anayeshughulikia kompyuta za jengo letu, na Fundi si mtu wa kukumbatiwa ovyo kwa sababu daima ana kitu cha kutafuna mkononi.

Daktari akaandika makala, akaiweka mtandaoni. Hii wanaiita makala ya awali, yaani inatoka hadharani kabla ya wataalamu wengine kuikagua na kuipitisha. Ni kama mtu anayetundika nguo ya kushona dirishani wapita njia waitazame kabla mwenyewe hajaja kuivaa. Na siku hizi, ukishaiweka, kuna programu inapita na kuisoma. Haina mkono wala haina mdomo. Fundi kaipa jina, Mkaguzi. Haimwambii mtu kama kapatia au kakosea. Inatazama tu kama mambo fulani yameandikwa: mmepangaje vitu vyenu, kwa nini idadi ni hiyo na si nyingine, hesabu zenu ziko wapi ili mtu mwingine azirudie mwenyewe aone kama atapata mlichopata. Likiwepo, alama ya vema ya kijani. Lisipokuwepo, msalaba mwekundu.

Jumatano ile nilikuwa napiga deki mlangoni pa Daktari. Jibu la Mkaguzi likaja, ukurasa mmoja. Misalaba mitatu.

"Wa kwanza," Fundi akasoma huku akitafuna, "haikuelezwa kwa nini chupa ni arobaini."

"Kwa sababu ndizo zilizopatikana!" Daktari akasema.

"Basi andika hivyo. Wa pili, hesabu ghafi hazionekani. Hilo dogo, nitazipandisha mimi. Wa tatu, haikuelezwa chupa zilipangwaje kwenye rafu, na kama upangaji ulikuwa wa bahati nasibu."

 Nikaona uso wa Daktari unabadilika taratibu, kama maji yanayoacha kuchemka. Akainuka, akaenda kwenye ile rafu ambayo sasa ilikuwa tupu, akaweka kiganja ngazi ya juu, kisha ngazi ya chini. Juu hupita bomba la maji ya moto nyuma ya ukuta. Chini ni simenti, baridi hata mchana.

"Nilizipanga za unga zote chini," akasema polepole. "Niliogopa unga usipukutike kwenye zile nyingine. Fukusi kwenye baridi hawazaani vizuri. Mimi sijapima unga, nimepima baridi."

"Pengine si hivyo," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza aliacha kutafuna.

"Pengine. Ndiyo shida yenyewe, kwamba ni pengine." Akakaa chini, sakafuni pale pale palipokuwa bado na maji. Huku ndiko kuanguka chali kwa Mama Kipaza. "Kesho saa nne naiondoa makala. Wiki kumi zimekwenda na maji."

Nikakamua tambara langu, nikatoka bila kusema neno.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu chupa za Daktari hazikukaa alipoziweka. Mimi nilizisogeza. Si mara moja. Kila Ijumaa.

Katika jengo letu kuna Msimamizi, na Msimamizi ana kidole. Kila Ijumaa mchana anapita vyumba vyote, anapitisha kile kidole juu ya rafu, anakiinua usoni, anakitazama kama anasoma barua. Akikuta vumbi unaandikwa. Ukiandikwa mara tatu huna kazi. Na yeye huyo huyo ndiye aliyetusainisha karatasi ya masharti, sharti namba moja: mfanya usafi haruhusiwi kugusa wala kusogeza kitu chochote cha utafiti. Kwa hiyo nilikuwa kati ya kidole na sharti. Ukifuata sharti, kidole kinakuta vumbi. Ukikiogopa kidole, umevunja sharti.

Ijumaa ya kwanza nilipangusa kwa kuzungusha tambara katikati ya chupa. Haikusaidia. Maharage yale yanatoa unga mwembamba, fukusi nao wanatoboa, vumbi linatulia chini ya chupa hasa. Basi nikasubiri Daktari aende kwenye kikao chake cha saa tatu, nikaziteremsha zote arobaini mezani, nikapangusa rafu mpaka ikang'aa. Nilipogeuka kuzirudisha, nikaduwaa. Sikuwa nimetazama ipi ilikaa wapi. Meza nzima imejaa chupa, zimenikodolea macho kama watoto waliochanganywa siku ya kwanza ya shule.

Nikazirudisha jinsi zilivyonijia mkononi. Nyingine juu, nyingine chini, za unga na zisizo na unga, mradi namba ionekane mbele. Kisha woga ukanishika. Akija mtu akisema niletee chupa ya kumi na saba, nitaipata wapi? Nikachukua daftari langu, nikachora ngazi mbili, nikaandika kila namba mahali ilipo. Na kila Ijumaa baada ya hapo nikafanya vivyo hivyo: teremsha, pangusa, rudisha kama mkono unavyochukua, andika. Sikuona haja ya kuzirudisha zilipokuwa juma lililopita, maana hata hapo hapakuwa kwao. Ijumaa tisa. Daktari alikuwa anaitupia rafu jicho kwa mbali tu, anahofia kuwasumbua wadudu wake. Akiona namba zimetazama mbele, anaridhika, anaondoka mbio.

Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Anayesaini mwingine ni Msimamizi.

Jumatano hiyo niliporudi nyumbani nilifagia ua, nikaufagia tena. Bibi, mama yake mama, ndiye ninayeishi naye. Anashona nguo kibarazani kwa cherehani ya miguu, na macho yake huwa hayaondoki kwenye sindano, lakini anaona.

"Mke mwenzangu," akaniita, maana hivyo ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, ati nilikuja kumnyang'anya babu. "Huo ua umekukosea nini?"

Nikamweleza yote. Akasimamisha cherehani.

"Nyamaza," akasema.

"Bibi!"

"Nyamaza, kazi ni kazi. Mimi niliwahi kumshonea mtu suruali, miguu yote miwili ya kushoto. Nikanyamaza. Mpaka leo yule mzee anaamini tatizo ni miguu yake."

"Anatembeaje?"

"Anakwenda kidogo upande," Bibi akasema, akionyesha kwa mkono, kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Nami nikacheka. Lakini nilipokuwa natandika kitanda nilimwona yule mzee nisiyemjua, anakwenda upande miaka yote hiyo, na huenda ameshanunua dawa ya kuchua.

Asubuhi ndipo nikamkuta Mama Kipaza bombani na wanaume wake wenye tai. Ndoo nikaiacha nyumbani, nikachukua daftari, nikaenda kazini nusu saa kabla ya saa yangu.

Daktari alikuwa ameshafika. Macho mekundu, na amevaa kiatu cha jana na soksi ya juzi. Fundi alikuwa upande wa pili wa meza, anakula.

"Daktari," nikasema, "naomba usiiondoe kwanza."

"Mdogo wangu, hayo usiyabebe, si yako."

"Ni yangu. Chupa hazikukaa ulipoziweka."

Nikasema yote, nimesimama, nimeshika daftari kifuani kwa mikono miwili. Nilipofika kwenye kidole cha Msimamizi, Fundi alipaliwa. Daktari alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Kila Ijumaa?" akasema.

"Kila Ijumaa."

"Zote arobaini? Ukazichanganya?"

"Nisamehe, Daktari. Vumbi—"

Akaruka. Sisemi kama Mama Kipaza, nasema nilichokiona: aliruka, miguu yote miwili ikaacha sakafu, akanishika mabega akanizungusha mpaka kitambaa cha kichwa kikanitoka.

"Umezichanganya! Wewe umezichanganya!" akawa anapiga kelele. Kisha akasimama ghafla, akaninyooshea kidole. "Na mimi niliandika USIGUSE kwa herufi kubwa namna ile!"

"Ndiyo."

"Hukusoma?"

"Nilisoma. Hata hiyo karatasi yenyewe niliipangusa."

Fundi akaegemea ukuta, anacheka bila sauti. Daktari hakujua acheke au agombe, akafanya vyote viwili kwa zamu. Mwisho akanyoosha mkono. "Hebu daftari."

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu kingine. Daftari lile halikuwa la chupa peke yake. Mimi nikiandika huwa naandika ninachokiona, na Ijumaa nina nafasi nikingoja sakafu ikauke. Nilitaka kulirudisha nyuma, lakini Fundi alishalichukua na anasoma kwa sauti ya mtangazaji.

"'Ijumaa ya tatu. Juu: nne, thelathini na moja, kumi na saba...' Safi, inasomeka. 'Msimamizi kapitisha kidole, kakosa vumbi, kahuzunika.' Aisee! 'Ijumaa ya sita. Daktari anaimba chooni. Sauti nzuri, maneno si yenyewe.'"

"Maneno ndiyo yenyewe!" Daktari akasema.

"'Ijumaa ya saba.'" Fundi akasoma kimya kimya. Masikio yakambadilika rangi.

"Soma," Daktari akamwambia. "Mbona umekwama?"

"'Fundi kalala stoo ya karatasi, kajifunika mabango ya semina. Nimefagia kumzunguka.'" Akafunga daftari. "Dada, wewe ni hatari. Daktari, kipande hicho cha Ijumaa ya saba tukikate, hakina uhusiano na fukusi."

"Upande wa nyuma yake una nini?"

"Chupa za Ijumaa ya nane."

"Basi hakuna kukata. Mkaguzi anataka hesabu ghafi, atapewa hesabu ghafi. Piga picha kurasa zote, kuanzia jalada. Ukikata mmoja, nani ataamini zilizobaki?"

"Dunia nzima itajua nililala stoo."

"Dunia nzima italala unono," Daktari akasema. "Leta kamera."

Kutwa ile ilikuwa ya raha. Mimi nilikuwa nasoma namba, Fundi anaziingiza kwenye kompyuta: wiki hii chupa hii ilikaa juu, wiki ile chini. Chupa arobaini, Ijumaa tisa, mistari mia tatu na sitini. Pale mwandiko wangu ulipokuwa mbaya aliniuliza, "Hii ni moja au saba?" na mimi nikakumbuka, maana chupa zile nilishazijua kama mtu anavyojua mbuzi wake. Chupa ya kumi na saba ilikuwa na ufa kwenye shingo. Ya tisa ilikuwa bado inanukia karanga. Siku nne za mwanzo, kabla ya Ijumaa ya kwanza, Daktari mwenyewe alizijaza, maana hizo alijua alivyopanga.

Saa nane mchana Fundi akabonyeza kitu, tukasogeza vichwa vitatu kwenye kioo kimoja. Daktari alikuwa ameshika mkono wangu anauminya bila kujua.

Za unga na zisizo na unga zilikuwa zimekaa juu karibu siku sawa. Hofu ya Daktari ilikuwa ya haki: chupa zilizokaa juu zaidi zilikuwa na fukusi zaidi, joto limewazalisha. Lakini ukilinganisha zilizokaa sana juu zenyewe kwa zenyewe, na zilizokaa sana chini zenyewe kwa zenyewe, za unga bado zilikuwa na fukusi wachache. Tofauti imepungua kidogo kuliko alivyoandika mwanzo. Imepungua, haijafa.

"Unga unafanya kazi," Daktari akasema. Akairudia, safari hii kwa sauti ya chini. "Unafanya kazi kweli."

Akamtuma Fundi soda, Fundi akarudi na soda na vitu vyake vya kutafuna. Daktari akakaa kuandika makala upya. Chupa ni arobaini kwa sababu ndizo zilizopatikana, hilo akaliandika wazi, akicheka. Daftari likawekwa kiungo chake, mtu yeyote popote alipo alifungue. Tofauti iliyopungua akaiandika ilivyopungua. Kisha akaandika habari ya rafu, akairudisha makala mtandaoni, Mkaguzi akapita. Haikuchukua hata muda wa kumaliza soda.

Vema, vema, vema. Kijani tupu, kama shamba.

Fundi akapiga meza. Daktari akanigeuzia kioo. "Njoo usome, mdogo wangu. Ile ya tatu ni yako. Wewe ndiye uliyeing'oa ile misalaba."

Mimi nasoma polepole, kwa kidole. Wakaningoja. Iliandikwa hivi: *Chupa zilibadilishwa nafasi kila wiki kwa bahati nasibu, kulingana na mpango wa utafiti.*

Nikaisoma tena toka mwanzo, nikidhani nimeruka neno.

"Mpango gani?" nikauliza.

"Enh?"

"Hapa. Kulingana na mpango wa utafiti. Mpango ulikuwa karatasi ile, usiguse."

Daktari akacheka, lakini kifupi. "Hiyo ni lugha ya makala tu. Wote tunaandika hivyo."

"Na Mkaguzi kaikubali?"

"Si unaona? Vema."

"Yeye amejuaje?"

Daktari akamtazama Fundi. Fundi akafuta midomo. "Hajui, dada," akasema. "Yeye anatazama kama sentensi ipo. Ikiwepo, vema. Isipokuwepo, msalaba. Hakuwepo chumbani."

"Kwa hiyo tungeandika zilisogezwa na malaika?"

"Angetia vema," Fundi akasema. "Labda angeuliza malaika wa chuo gani."

Tukacheka wote watatu, na Daktari alicheka kuliko sisi. Lakini alipomaliza hakunitazama. Akavuta kiti karibu na changu, akanisemesha kama mtu anavyosema na mdogo wake wa tumbo moja.

"Sikiliza. Unajua kwa nini nimeandika hivyo? Nusu ni kwa ajili yangu, sikufichi. Nikiandika kwamba nilipanga vibaya, kisha mfanya usafi akaniokoa kwa tambara, watanicheka kwenye mikutano mpaka nistaafu. Lakini nusu ni kwa ajili yako. Msimamizi atasoma. Kawaida hasomi, ila hii atasoma, akisikia tu kwamba yumo daftarini. Akikuta imeandikwa kwa maandishi yangu mimi kwamba ulisogeza, hatahitaji kidole tena. Sharti namba moja. Mkataba wako unakwisha lini?"

"Siku kumi na moja."

"Basi."

"Lakini daftari linasema," nikamwambia. "Ijumaa ya kwanza nimeandika kabisa, nimezisogeza, Mungu anisamehe. Na liko wazi."

"Nani atakaa afungue picha za daftari, ukurasa kwa ukurasa, asome mwandiko wa mtu asiyemjua?"

"Mimi ningesoma," nikasema.

Fundi akaweka chupa yake ya soda mezani, taratibu, isitoe sauti.

Mimi si mtu wa kubishana na waliosoma. Lakini nilimfikiria mtu mwingine, mwanamke kama Daktari, mahali pengine, naye ana rafu yake na maharage yake. Anasoma ile sentensi, anasema kumbe, wanapanga kila wiki, nami nitapanga kila wiki. Vizuri, hapo hajadhurika. Halafu anabandika USIGUSE, kwa sababu makala haikumwambia kwamba karatasi ile ndiyo iliyotaka kutuponza. Haikumwambia aweke mkono juu na chini kabla ya kuanza. Haikumwambia hata kwamba vumbi lipo. Nikamweleza Daktari hivyo hivyo, kwa maneno yangu, na woga nilikuwa nao, hilo sikatai, kwa sababu siku kumi na moja si nyingi na cherehani ya Bibi haitulishi wawili.

"Umeogopa?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Hata mimi."

Akageukia kioo. Zile alama za kijani zilikuwa bado zinang'aa pembeni, zote, hakuna pengo. Mstari mdogo wa kuandikia ulikuwa unawaka na kuzimika mbele ya neno mpango. Koridoni nikasikia viatu vya Msimamizi vinapita, vikasimama, vikaendelea.

"Naomba unibadilishie sentensi, Daktari," nikasema. "Andika: mfanya usafi alizisogeza kila Ijumaa ili apanguse vumbi. Andika kwamba alikuwa amekatazwa, na kwamba hakuna aliyempangia. Kama ni ndefu, basi ondoa hata pale pa mpango tu. Na kama utaniruhusu, naomba niiandike mwenyewe, kwa mkono wangu, wewe unisahihishe herufi tu."

Daktari aliinua mikono kutoka kwenye vitufe, akaiweka mapajani. Fundi alimtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye. Nikavuta kiti changu mbele kidogo, nafasi ya kutosha mtu mmoja kufika kwenye kibodi, nikangoja.